Ampea Mbili na Nusu

Mkaguzi Raghida Sabsabi alikuwa amepiga magoti kwenye ujia wa ghorofa ya nne, akichomoa tambara lililoshindiliwa chini ya mlango, na ambalo lilibaki limenasa hapo hata mlango ulipofunguliwa. Alilivuta kwa koleo, kidogo kidogo, huku Sajini Elias akimmulikia tochi. Lilikuwa tambara la kupigia deki, zito, bado linatona maji.

"Limesukumwa kutoka huku nje," Raghida alisema. "Ona lilivyojikunja. Mtu aliye ndani akitaka kuzuia baridi, huziba kwa ndani."

"Kwa hiyo si ajali."

"Shika tochi vizuri, Elias."

Ndani, Rudayna Shaarani alikuwa amelala kwenye kochi, blanketi limemfika kidevuni. Mashavu yake yalikuwa mekundu, ya afya kabisa, na hilo ndilo lililomfanya Elias asitake kumtazama. Daktari alikuwa amekwisha sema neno lake: hewa ya mkaa. Mlango wa roshani ulikuwa umetiwa komeo na vibao vya dirisha vimeshushwa hadi chini. Jiko la mkaa lilikuwa katikati ya chumba, limepoa. Kuta tatu zilifunikwa na laptopu ndogo ndogo zilizopangwa kama matofali, kila moja ina jina la shule.

Mlango ulikuwa wazi tangu bawabu alipoufungua magharibi, lakini Raghida alisikia mishipa ya kichwa ikimgonga. Hewa ile haina harufu wala rangi. Huijui mpaka yenyewe ikujue.

Alilisogelea jiko, akachokoa majivu kwa ncha ya kalamu. Chini kulikuwa na majivu laini ya mkaa wa mwaloni. Juu yake palikuwa na vijipande vya mraba, vyeupe, vimekaa kama sukari ya donge. Alipokigusa kimoja kikasambaratika.

"Mkaa wa aina mbili," alisema.

"Mkaa ni mkaa, Mkaguzi. Bawabu ndiye anayeuleta, tambara ni lake, na yeye ndiye aliyesema amemkuta maiti. Wenzetu wamekwisha mtia pingu. Tunataka nini tena?"

Raghida alifuta ncha ya kalamu. Kutoka chini, kupitia tundu la ngazi, zilipanda sauti za watu wengi wakisema jambo moja.

*

Bawabu aliitwa Khidr. Alikuwa amevuka kutoka Syria miaka mingi iliyopita, na alikuwa akiishi na mkewe Fiddah katika chumba kilicho chini ya ngazi. Raghida alimkuta kwenye gari la polisi, mikono mgongoni, maji ya mvua yakimchuruzika usoni bila ya kuweza kuyafuta.

"Nieleze ulivyompelekea mkaa."

"Kama kila siku, bibie. Naukokea kule uani mpaka uwe wa kijivu wote, ndipo naupandisha. Mweusi sipandishi, mweusi unaua. Hata mtoto anajua. Nikamwacha Ustadha Rudayna anapiga chafya, mlango wa roshani uko wazi, upana wa ngumi. Akaniambia, 'Baba Hazim, baridi itaniua.' Nikamwambia, 'Baridi inauma tu, moshi ndio unaoua, usifunge.'"

"Saa ngapi?"

"Adhana ya alasiri ilikuwa imepita. Saa tisa na nusu hivi. Kisha nikaenda foleni ya mkate."

"Kuna aliyekuona kwenye foleni?"

Khidr alicheka bila furaha. "Nani anamtazama Msyria kwenye foleni ya mkate, bibie? Wanamtazama akishaupata."

Fiddah alikuwa amesimama kando ya gari, shela limelowa. Hakulia. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kuamsha kitu kilicholala.

"Kesho saa sita kuna basi la mpakani. Jina lake wameshaliandika, karatasi zake za kuishi hapa zimepitwa na muda. Kule wanamtafuta tangu alipokimbia jeshi. Ndugu yake walimpandisha basi hilo hilo mwaka juzi. Hatujapata hata nguo zake."

"Mwenye kesi ya mauaji hapelekwi mpakani," Elias alisema.

"Nani atamfungulia kesi, mwanangu? Kesi ni kazi. Basi ni rahisi."

Elias alitazama viatu vyake. Alijua mama yule hajakosea.

*

Ukumbi wa chini ulijaa wapangaji. Mbele yao, juu ya kiti cha plastiki karibu na mlango wa lifti, alikaa Sitt Julnar, bibi kizee wa ghorofa ya tatu, fimbo mkononi, tasbihi kwenye kidole.

"Mpelekeni kwao!" alisema kabla hajaulizwa. "Mvivu yule! Nimetoka kwa daktari wa magoti alasiri, nikakaa hapa hapa kwenye kiti hiki mpaka magharibi nangoja lifti, nalaani walioijenga. Mwanamume mzima mwenye mgongo kama wa nyumbu anashindwa kunibeba hadi ghorofa ya tatu? Kapita na ndoo yake akaniambia, 'Narudi, hajati.' Akarudi lini? Na mikate kumi, magharibi!"

"Ulimwona akitoka nje?"

"Nilifumba macho, nilikuwa na tasbihi. Na mlango wa nyuma je? Yule anapita kama paka."

"Paka huyo si unamlisha mwenyewe, hajati?" alidakia mwanamume mnene mwenye mikono ya dizeli. Huyu alikuwa Abu Dandash, mwenye jenereta la mtaa. "Jana tu ulimpa kanzu ya marehemu mumeo."

"Nilimpa ili asitembee uchi kwenye ngazi zangu!"

Wawili watatu walicheka, kisha wakakumbuka kilichowaleta, wakanyamaza. Elias alimsogelea Abu Dandash.

"Na wewe, wanasema Jumapili ulimfokea marehemu. Ulimwambia atakufa kwa baridi."

"Nilimwambia, naam. Alitaka ampea kumi, nimtolee wapi? Jenereta kubwa limekufa wiki nzima. Mtaa wote nimeushusha hadi ampea mbili na nusu. Taa, televisheni, laptopu zake ndogo zile, basi. Ukiweka pasi, swichi inajifyatua. Ukiweka birika la umeme, inajifyatua. Nimewafokea wote, bosi. Ningewaua wote, ningemuuzia nani?"

"Alasiri ya leo ulikuwa wapi?"

"Uani, na wateja watatu wananitukania mama. Waulize. Watakutukania na wewe."

Waliulizwa, wakathibitisha, tena kwa matusi.

Aliyebaki ni Mhandisi Naji Barudi, mshirika wa marehemu, mwenye ofisi ghorofa ya pili. Alikuwa amerudi kutoka Mina, kule bandarini, alipopigiwa simu. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliwakaribisha viti ofisini mwake, akaomba radhi kwa baridi, akasogeza shisha iliyokuwa katikati ya njia.

"Rudayna alikuwa dada yangu," alisema. "Tulianza pamoja. Yeye anatengeneza laptopu kuukuu, mimi natafuta wafadhili. Laptopu mia tatu, Mkaguzi, kwa watoto wasio na hata kalamu."

"Leo alasiri?"

"Nilikuwa hapa. Umeme wa serikali unaingia saa kumi, wiki mbili sasa haujakosa, kwa hiyo kazi zote za kuchapa nazipanga saa hiyo. Nimechapa vyeti vya walimu, hivi hapa." Aliweka mkono juu ya bunda la karatasi nene zenye rangi, kando ya printa kubwa ya leza. "Mashine ikinguruma husikii kitu. Saa kumi na moja nikaenda Mina. Laiti ningepanda kumjulia hali kwanza!"

Dada wa marehemu alikuwa ameongea na Rudayna kwa simu mpaka saa kumi kasoro robo. Rudayna alimwambia amemeza dawa ya mafua na anajilaza. Kwa hiyo aliyemuua aliingia baada ya hapo, akamkuta amelala.

"Ufunguo wa karakana ya marehemu, kule ghorofa ya nne, anao nani?"

"Yeye, mimi, na bawabu." Naji alishusha pumzi. "Sitaki kumsingizia mtu, Mkaguzi. Lakini bawabu alikuwa na sababu ya kukasirika. Rudayna alimgombeza juzi kwa sababu ya laptopu moja iliyopotea."

"Ilipotea?"

"Baadaye Rudayna alisema iko mahali pengine. Sijui zaidi."

Walipotoka, ngazi zilikuwa giza. Raghida alishuka ameshika ukuta. Nyuma yao, juu, mlango ulifunguka kidogo, ukakaa hivyo, kisha ukafungwa polepole mno. Hakugeuka, ila mgongo wake wote ulikuwa unasikiliza.

*

Asubuhi, kituoni, Raghida aliwasha kompyuta ili aandike taarifa. Kompyuta ile ilikuwa na programu ya kuandikia ya kampuni kubwa, ya kulipia, na kila mtu kituoni alijua desturi yake: unabofya alama ya programu, unaweka birika dogo la kahawa kwenye moto, kahawa ikipanda mara ya tatu ndipo ukurasa unafunguka. Elias alikuwa akiita muda huo "saa ya serikali."

Raghida alikunywa kahawa yake akitazama mlango wa mahabusu. Khidr alikuwa nyuma yake. Saa mbili na nusu. Basi saa sita.

"Kampuni inasema ukinunua kompyuta mpya inafunguka haraka," Elias alisema.

"Na ukiwa na ya zamani?"

"Unazeeka nayo."

Raghida aliweka kikombe chini. Aliondoka kabla ukurasa haujafunguka.

Kwenye jengo, umeme wa serikali ulikuwa umeingia. Lifti ilikuwa ikipanda kwa mngurumo, na ndani yake, kwenye kiti chake cha plastiki, alikaa Sitt Julnar kama malkia.

"Leo imekubali, hajati?"

"Ikija serikali, inapanda. Jenereta hatulipii lifti, hawa mabahili wamekataa. Funga mlango, mwanangu, unaingiza baridi."

Raghida alipanda kwa miguu hadi karakana. Alichukua laptopu moja kutoka kwenye rundo, kuukuu, nyembamba, ya aina ambayo mtoto anaweza kuibeba kwa mkono mmoja. Kwenye kioo chake kulikuwa na alama ya ile programu ya kulipia, ile ile ya kituoni. Alibofya, akageuka kutafuta kiti. Hakufika kwenye kiti. Ukurasa ulikuwa umekwisha funguka.

Alifunga. Akafungua tena. Kufumba na kufumbua.

Alichukua ya pili, ya tatu. Zote vivyo hivyo. Kila alipofunga ukurasa, kwenye pembe ya kioo kilitokea kijikalamu cha mwanzi kikiuliza kama ahifadhi alichoandika.

Elias alikuwa amechungulia begani mwake. "Hicho ni kikalamu cha Yaraa! Binti yangu anayo. Hiyo ni programu ya bure, wameitengeneza wenyewe kina Rudayna, watu wa mataifa mbalimbali, kila mmoja kwa wakati wake. Nyepesi, inaenda hata kwenye mashine ya kutupa. Lakini alama yake si hii. Alama ya Yaraa ni mwanzi."

"Na wafadhili wamelipia nini?"

Elias alipiga simu mbili. Wafadhili walikuwa wamelipia leseni mia tatu za ile programu kubwa, kupitia kwa Mhandisi Naji.

"Kamvika mtoto wa mwenziwe nguo za jirani," Raghida alisema taratibu, "akamuuza, pesa za leseni akazitia mfukoni. Na mama akamtambua mtoto wake. Ile laptopu 'iliyopotea,' Elias. Rudayna aliiweka kando ili awaonyeshe."

"Hiyo ni sababu ya kuua. Lakini yeye alikuwa anachapa."

Raghida alisimama katikati ya chumba. Lifti ilikuwa imefika ghorofa ya tatu. Alisikia Sitt Julnar akiburuta kiti. Alikumbuka kiti kile jana usiku, mahali pale pale chini.

"Elias," alisema. "Bibi alingoja lifti tangu alasiri mpaka magharibi. Kwa nini haikuja?"

*

Walimuuliza Abu Dandash. Alitema mate kabla ya kujibu. "Jana? Serikali haikutoa hata cheche. Mimi ndiye niliyebeba mtaa mchana kutwa. Lakini nani anashukuru? Wana swichi za kujibadilisha wenyewe. Serikali ikiingia, jenereta likiingia, taa inawaka tu, hawajui wanakula kwa nani."

Ilipofika saa nne umeme wa serikali ulikatika. Taa zilizimika, zikawaka tena kwa jenereta. Raghida alimwacha Elias kwenye ngazi, akagonga mlango wa ghorofa ya pili.

Naji alikuwa peke yake, anavuta shisha. Vibao vya dirisha vilikuwa vimeshushwa kuzuia baridi, taa moja inawaka. Raghida hakukaa. Alisimama karibu na dirisha, mkono mmoja umeshika ukanda wa kupandishia vibao, kama mtu aliyechoka.

"Nimekuja kuomba cheti kimoja," alisema. "Kwa ajili ya faili. Nichapie."

"Chukua chochote hapo."

"Nataka kipya. Kimoja tu."

Naji alitabasamu. Aliweka bomba la shisha chini, akaenda kwenye printa, akabonyeza. Mashine ilishtuka, ikaanza kunguruma. Kisha kikasikika kishindo kidogo ukutani, kama mtu aliyevunja njiti, na chumba kikawa giza tupu.

Si tupu kabisa. Juu ya shisha, vijipande vinne vya mkaa vilikuwa vikiwaka, vyekundu. Vya mraba.

Raghida alivitazama.

"Ampea mbili na nusu," Raghida alisema. "Haziivumilii printa yako. Ulihitaji umeme wa serikali, Mhandisi, na jana alasiri serikali haikuja. Ulikuwa karakana, ukaona taa inawaka, ukadhani ndiyo saa kumi yako ya kila siku. Vyeti ulikuwa umevichapa kabla."

Alisikia nyayo kwenye zulia. Hazikuja kwake. Zilikwenda mlangoni. Ufunguo ukazunguka.

"Ilikuwa ya bure," sauti ya Naji ilisema, karibu ya kubembeleza. "Unanielewa? Ya bure! Kila mtu anaichukua, hakuna anayelipa. Nimeiba nini? Watoto wamepata laptopu, zinaandika, zinasoma. Nani ameumia?"

"Wafadhili walilipia kingine. Na Rudayna?"

"Nilimsihi. Nilimwambia tugawane. Akaniambia, 'Nimewapa watu maji, wewe umeyatia chupani na kubandika jina la mwizi mkubwa zaidi.' Leo asubuhi angewapigia simu. Leo hii!" Akapumua kwa nguvu. "Alikuwa amelala. Hakuhisi kitu. Niliweka mkaa mbichi juu ya ule wa Khidr, nikafunga roshani. Tambara lilikuwa kwenye ndoo, hapo kwenye ngazi. Hata sikulitafuta."

"Na Khidr?"

"Khidr angeondoka tu, leo au kesho. Nchi nzima inataka waondoke."

Nyayo zilisogea tena. Kitu kilisukumwa, majivu yakamwagika. Vipande vyekundu vilishuka vikatawanyika kwenye sinia kubwa zaidi, na sauti ya mfuko wa karatasi ikasikika ukichanwa, na mkaa mweusi ukidondoka juu yake, tik, tik, tik.

"Chumba hiki nacho ni kidogo, Mkaguzi," Naji alisema.

Ulikuwa upuuzi, na Raghida alijua ni upuuzi; mkaa hauui kwa dakika moja. Lakini mwili wake haukujua. Aliyaona tena yale mashavu mekundu, na kwa pumzi mbili tatu hakuweza kuukumbuka mkono wake uko wapi. Kisha akaukumbuka. Ulikuwa kwenye ukanda, tangu alipoingia.

Alivuta kwa uzito wake wote. Vibao vilipanda kwa kelele, mwanga wa mvua ukaingia, akakivunja kioo kwa kiwiko akaita jina la Elias. Naji alikuwa amepiga magoti juu ya sinia, mikono myeusi, akipepesa macho kama mtu aliyeamshwa. Alipousikia mlango ukipigwa teke hakuinuka. Alianza kuviokota vile vipande vyekundu kwa vidole vyake, kimoja kimoja, kuvirudisha mahali pake.

*

Saa sita basi la mpakani liliondoka bila ya Khidr.

Jioni Raghida alimtoa mahabusu mwenyewe, akamkalisha kwenye benchi mbele ya mlango wa ofisi yake. Fiddah alikaa kando yake, ameushika mkono wa kanzu aliyovaa Khidr, ile ya marehemu mume wa Sitt Julnar. Kila gari lililosimama barabarani, wote wawili waliinua vichwa.

"Wamemwachia, wamefurahi, waende nyumbani," Elias alisema.

"Kesi ya mauaji imemwachia. Karatasi zake bado zimepitwa na muda, na kesho kuna basi lingine." Raghida alikuwa ameiweka ile kompyuta ya kituo pembeni. Mbele yake ilikuwa laptopu ndogo ya Rudayna, aliyoisainia kama kielelezo, mwanga wa kioo umepunguzwa mpaka mwisho. "Shahidi mkuu hawezi kuvushwa mpakani kabla ya hukumu. Lakini lazima iandikwe, na hakimu aisaini kesho kabla ya saa sita."

"Hakimu amekwenda nyumbani."

"Anarudi saa mbili asubuhi. Nitakuwa mlangoni kwake."

Aliandika jina la Khidr, la baba yake, la kijiji. Aliandika alichokiona bawabu: mlango wa roshani uko wazi, upana wa ngumi, mkaa wa kijivu wote. Aliandika polepole, kwa sababu hakutaka kukosea neno. Alikuwa hajafika hata nusu, taa ya kituo ilipozimika. Jenereta la mtaa lilinyamaza pia. Kioo kidogo kikafifia, betri ikikata roho, na kwenye pembe kikatokea kile kijikalamu cha mwanzi kikiuliza kama kihifadhi.

Alijibu ndiyo, akafunga kifuniko.

Nje kwenye benchi, gizani, Fiddah aliuliza, "Imekwisha, bibie?"

"Bado, Mama Hazim," Raghida alisema. Alivuta kiti chake mpaka mlangoni, akakaa kati yao na barabara. "Kesho."